Hadaa ya Mizani na Hadaa ya Simu

Katika miaka ile ambayo dhahabu ya Osiri iliuzwa papo hapo, pembeni mwa mashimo ilimochimbwa, ayari alikuwa mtu wa kuonekana kwa macho, na hila yake yote ilifichwa katika kitu kiwezacho kushikwa. Nilikulia Nyatike, iliko Osiri, huku Migori, si mbali na mgodi wa Macalder uliofungwa mwaka 1966, na wazee waliowahi kufanya kazi humo ndio waliotufundisha kwamba mnunuzi akikupimia nje penye upepo, au akikataa mizani yake ijaribiwe kwa jiwe la uzito ujulikanao, usimpe dhahabu yako hata akikuapia kwa kaburi la babaye. Mama aliyeshinda juani akiponda mawe, akayaosha, akainasa dhahabu kwa zebaki, alipata pengine sehemu chache za kumi za gramu. Na sehemu moja ikipotea katika mizani ya dhuluma, ni chakula cha watoto kilichopotea.

Baadaye wakaja wengine ambao hawakununua bali waliuza: vipande vya shaba iliyochanganywa na zinki, ving'aavyo kweli kweli, vikidaiwa kuwa dhahabu ya Kongo. Hao kwetu hawakufanikiwa. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina zaidi ya gramu 19, na ya mchanganyiko ule haifiki gramu 9; kiganja kilichozoea dhahabu hakihitaji elimu nyingine, na mwenye shaka hudondosha tindikali ya nitriki, ambayo dhahabu haijali, ilhali shaba hutokwa na povu la kijani. Shaba hiyo ikahamia Nairobi, kwa wageni wenye fedha wasiopata kuishika dhahabu, na huko ikavikwa ofisi za kupanga, walinzi, hati za kughushi na kasha lenye dhahabu halisi kidogo juu. Mgeni huombwa kwanza alipe ushuru, bima na gharama za ndege. Mchuuzi wa haki wa Osiri hana habari ya malipo kama hayo: dhahabu hupimwa, hulipwa, na kila mtu huenda zake.

Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, nayo nakiri kwa moyo wote kuwa ni neema, maana karo ya mtoto aliyeko mbali haikungoja tena mtu wa kusafiri nayo. Lakini pamoja nayo ukaja ujumbe wa kwamba umepokea maelfu ya shilingi, na punde simu ikalia: “Mama, samahani, nimekosea namba, hizo ni fedha za hospitali, nirudishie sasa hivi.” Mjane mmoja wa kijijini kwetu, ambaye hakuna dalali aliyeweza kumghilibu kwa shaba, alituma akiba yake yote kwa sauti iliyokuwa ikilia. Hakushindwa kwa ujinga. Alishindwa kwa huruma na kwa haraka, kwa kuwa safari hii hakuwekewa kitu kiganjani akipime. Kilichotumiwa dhidi yake ni wema wake mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ithibati, hata hivyo, ipo. Ujumbe wa uongo aghalabu hutoka katika namba ya mtu, si kwa jina la M-Pesa, na salio halizidi hata senti; basi salio litazamwe kwanza. Aliyekosea kwa kweli hupeleka ujumbe wake wa muamala kwenye namba 456, na kampuni ya simu hushughulikia marejesho. Wala mhudumu wa kweli haulizi namba ya siri, hata kama anajua jina lako lote.

Kifungu cha 313 cha sheria ya adhabu ya Kenya humpa mwenye kujipatia mali kwa hadaa kifungo kisichozidi miaka 3, lakini mwenye sauti isiyo na uso ni shida kumkamata. Kwa hiyo akina mama wa chama cha akiba cha kijijini kwetu walipatana kwamba hakuna arudishaye fedha mpaka ujumbe usomwe na watu wawili, na mpigaji akiambiwa, “Ngoja, mwanangu, nimwite jirani anisomee,” mara nyingi hukata simu yeye mwenyewe.