Kamera tatu mkobani, moja mfukoni

Boti kutoka Dar es Salaam ilipofunga gati Malindi, Unguja, babu alikuwa wa mwisho kushuka. Si kwa uzee. Alikumbatia mkoba wa ngozi ambao njia nzima hakutaka kuuweka chini wala kumpa mtu amshikie. Wajukuu wake wawili, wa miaka tisa na sita, walidhani amebeba fedha.

Mkobani mlikuwa na kamera tatu alizowahi kumiliki, na picha moja. Kamera ya nne, simu, ilikuwa mfukoni mwa binti yake, mama wa watoto hao.

Picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe, ya mwaka 1984. Marehemu mkewe ameketi Forodhani, amempakata binti akiwa mchanga, mkono mmoja ameuweka juu ya macho kukinga jua la saa kumi. Nyuma yao inaonekana Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash. Ni picha pekee aliyonayo binti akiwa mikononi mwa mama yake. Safari hii ya mwaka 2022 ilikuwa na kazi moja tu: kupiga nyingine mahali pale pale, safari hii binti akiwa ndiye mama.

Kutoka bandarini hadi Forodhani si mbali. Unafuata barabara ya Mizingani, bahari ikiwa kulia. Kwenye kivuli cha Mti Mkubwa babu aliomba wapumzike, akafungua mkoba.

Ya kwanza kutoka ilikuwa Zenit, aliyorudi nayo kutoka masomoni Urusi miaka ya 1970. Mjukuu mkubwa aliipokea kwa mikono miwili, maana ina uzito wa karibu kilo moja. Akaigeuza nyuma, akauliza, "Babu, picha inaonekana wapi?"

"Haionekani, bwana mdogo. Unangoja."

Uzuri wa kamera hiyo ni kwamba haikuhitaji betri hata moja. Kipima mwanga chake kinafanya kazi kwa mwanga wenyewe, na iliyobaki ni chuma tupu. Katika miaka ile ambayo betri na hata sabuni vilikuwa vya kutafuta, hilo halikuwa jambo dogo. Ubaya wake ni kwamba kila kitu unapanga mwenyewe: mwanga, kasi, umbali. Ukikosea, unajua wiki kadhaa baadaye, filimu ikishasafishwa. Na filimu ilikuwa na picha 36 tu. Babu alikuwa akiigawa kama sukari: Idi, harusi, mtoto kuzaliwa, safari.

Joto na unyevu wa pwani navyo vimeidhuru. Ndani ya lenzi kumeota ukungu mfano wa utando wa buibui. Wenye kamera za zamani pwani wanaijua adha hiyo, ndiyo maana fundi huwaambia wasizifungie muda mrefu kabatini bila hewa.

Ya pili ilikuwa Yashica ndogo ya plastiki, ya miaka ya 1990. Hiyo ilikuwa raha. Unaelekeza, unabonyeza, na ina flashi yake. Hata mkewe aliipenda, kwa hiyo picha za ndani ya nyumba, za sikukuu na za watoto wakioga kwenye beseni, nyingi ni za Yashica. Lakini ilikula betri, haikutaka usogee karibu sana, na usiku iliwafanya watu wote wawe na macho mekundu.

Ya tatu ilikuwa kamera ya dijitali iliyonunuliwa mwaka 2006. Kwa mara ya kwanza familia iliweza kuona picha papo hapo na kufuta iliyoharibika. Hakuna filimu, hakuna kusubiri. Babu alipiga mamia ya picha, akazihamishia kwenye kompyuta ya nyumbani. Kompyuta ikafa. Picha zote za harusi ya binti zilizopigwa na familia zimo humo, na hadi leo hakuna fundi aliyefanikiwa kuzitoa.

Binti alisikiliza kimya, kisha akasema la kwake. Simu yake ni kamera bora kuliko zote tatu: inaona gizani, inarekodi video, inatuma picha kwa shangazi Muscat kabla chai haijapoa. Lakini simu aliyokuwa nayo kabla ya hii iliibwa kwenye daladala, ikaondoka na miaka miwili ya kwanza ya mtoto wake mkubwa. Hakuwa amechapisha hata moja.

Walipofika Forodhani saa kumi ilikuwa inakaribia. Vijana walikuwa wakijirusha baharini, na wauza mishikaki na juisi ya miwa wanaanza kupanga meza zao. Bustani si ile ya mwaka 1984, kwani ilikarabatiwa upya na kufunguliwa mwaka 2009. Na jengo la nyuma si lile pia. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Nyumba ya Maajabu iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki dunia. Sasa lilikuwa limezungushiwa uzio.

Binti alisimama na picha ya zamani mkononi, akilinganisha. Roshani zile ndefu zilikuwa bado pale, kwenye kipande cha karatasi.

"Kaa hapo hapo," babu alisema. "Jengo si kitu. Kaeni."

Akachukua simu, akapiga. Mama na wanawe wawili, wote wamekunja macho, kwa sababu jua la alasiri huwapiga usoni wanaotazama bahari. Binti bila kujua akaweka mkono juu ya macho, kama mama yake.

Mjukuu mdogo ndiye aliyeuliza, "Mbona Babu hayupo?"

Alikuwa anauliza kuhusu picha ya mwaka 1984. Na kweli hayupo. Hayupo katika picha hiyo, wala katika nyingi za Zenit. Binti akafungua simu yake, akapitisha kidole. Picha zaidi ya elfu tatu za watoto, na yeye hayupo karibu katika zote. Kumbe kamera zote nne zina udhaifu mmoja ambao hautengenezwi na fundi yeyote: hazimwoni anayezishika. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni mzazi.

Basi simu akapewa mtoto wa miaka sita. Akaambiwa aishike kwa mikono miwili, asihesabu, abonyeze mara nyingi. Picha nyingi zilikuwa za vidole na mawingu. Mojawapo ilitoka.

Kurudi Dar es Salaam, kabla ya kufungua mizigo, binti alipita studio ya mtaani kwao akachapisha picha mbili, akatuma nakala za zote kwa mumewe na kwa shangazi ili zisikae mahali pamoja. Nyuma ya kila moja akaandika kwa kalamu tarehe, mahali na majina, kama babu alivyofanya ile ya 1984.

Ya pili ndiyo aliyopiga mtoto. Babu ameketi katikati, mkoba mapajani, binti amemwegemea begani. Kofia imekatwa kidogo juu. Ipo ukutani sebuleni, chini ya ile ya bibi.