Tuliporudi Darasani Tukiwa Mama

Mwaka 2002 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa. Watoto wakajaa madarasani, walimu hawakutosha. Mafunzo yakapangwa upya: mwaka mmoja chuoni, mwaka wa pili shuleni, ukifundisha huku ukisimamiwa. Ndipo sisi wawili, wake za watu na wenye watoto, tulipokwenda kusomea ualimu wa Kiingereza. Waume zetu walikubali. Mama mkwe wa mmoja wetu aliuliza kama nyumbani kazi zimekwisha.

Kama wengi wenu, tulisoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza vitabu karibu vyote vikageuka Kiingereza. Tulichojifunza vizuri ni kunakili ubaoni na kunyamaza. Kwa hiyo chuoni hatukuogopa sarufi. Tuliogopa kufungua kinywa mbele ya vijana wa umri wa wadogo zetu. Tukawa tunafanya mazoezi tukifua: mmoja anauliza, mwenzake anajibu, povu mikononi. "He" na "she" vilitutesa, maana kwetu "yeye" humtosha baba na mama pia.

Mwaka wa pili tulipangiwa Maparoni, katika delta ya Rufiji, ambako leo ni Wilaya ya Kibiti. Huko barabara ni maji. Mtumbwi hungoja maji yajae, na ratiba ya shule hujua hivyo. Msimu wa mpunga ukifika, familia huhamia mashambani na kukaa kwenye madungu, kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Viti vikabaki vitupu. Wapo wanaouita utoro. Sisi tuliokuwa tumewaachia bibi zao watoto wetu hatukuweza kuwahukumu wale mama kwa wepesi hivyo. Tukawa tunarudia masomo wanafunzi waliporejea.

Zana za kufundishia hazikuwapo, ila mtumbwi ulikuwapo. Tuliwafundisha "in", "on" na "under" pwani, mtoto akiingia mtumbwini, akikaa ukingoni, akiinama chini ya mkoko. Walicheka, wakashika. Siku ya neno "rice" walitushangaa. Mpunga ni "rice", mchele ni "rice", wali nao ni "rice"? Mtoto mmoja akasema Waingereza lazima hawalimi. Tulimwona ana hoja!

Likizoni tulikuta binti wa mmoja wetu ameanza kidato cha kwanza, daftari lake la baiolojia limejaa maneno aliyoyanakili bila kuyaelewa. Tulikaa naye jikoni siku kumi, sentensi kwa sentensi. Zamani tungemwambia, "Kamuulize mwalimu."

Lakini badiliko kubwa tuliliona Maparoni jioni moja, mama jirani alipokuja na chupa ya dawa ya mtoto. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Alikuwa akimpa kwa kukisia. Tulimsomea kipimo na idadi ya mara kwa siku, kisha akatuomba tusimsomee tena bali tumfundishe maneno yale manne, matano. Akayarudia mpaka akayaweza. Juma lililofuata alikuja na wenzake watatu, kila mmoja na chupa yake.