Barua kutoka Salalah

Mdogo wangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa Salalah, kusini kabisa mwa Oman, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Muscat. Uliniambia nawe unataka kwenda kupumzika pwani ya ugenini peke yako, na mama hataki hata kusikia. Nimeona nikuandikie kwa urefu, maana haya kwenye simu hayaelezeki.

Kwanza upepo. Sisi watu wa Tanga tumekua tukiwasikia wavuvi wakilitaja kusi, na tunajua kwamba katika miezi yake bahari haichezewi. Kusi hilohilo likishapita kwetu hupinda kuelekea kaskazini-mashariki, likaja kuipiga pwani hii ya Dhofar. Msimu wake hapa unaitwa kharif, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba inapokaribia kwisha. Upepo huyasukuma maji ya juu mbali na nchi kavu, maji baridi ya kilindini yakapanda kuziba pengo, na hewa yenye unyevu ikipita juu ya ubaridi huo hugeuka ukungu unaokwama kwenye milima nyuma ya mji. Ndiyo maana Muscat na Dubai zinapoungua kwa joto la zaidi ya nyuzi 40, Salalah ni kama 25 tu. Manyunyu hayaishi, milima yote ni kijani kibichi, na ngamia wanakula majani barabarani hawana haraka na gari lako. Familia za Ghuba nzima zinakimbilia huku. Nami nilichagua msimu huu kwa makusudi, nilitaka kuiona Arabuni iliyolowa.

Ila ujue kwamba miezi hii bahari ya hapa ni ya kutazama. Anayetaka kuogelea aje wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi, maji yakiwa yametulia. Na si hapa tu. Kusi linapoichafua Goa na pwani ya kusini ya Sri Lanka, upande wa mashariki wa kisiwa hichohicho, kule Trincomalee, watu wanaogelea. Matangazo ya hoteli hayakwambii haya, picha zao zote zimepigwa siku ya jua. Kwa hiyo uliza upepo wa mwezi unaokwenda kabla ya kuuliza bei ya chumba.

Juzi nilikwenda Mughsail, kilomita kama 40 magharibi mwa mji. Ufuko wake ni mrefu na mweupe, na mwisho wake kuna majabali yenye matundu. Wimbi likiingia chini ya jabali, maji yanakosa pa kwenda, yanafyatuka juu kupitia matundu kwa mvumo unaousikia kifuani kabla hujaona kitu. Matundu yamefunikwa nondo za chuma, na ukingoni pana uzio. Julai 2022 watu wa familia moja waliuvuka uzio huo, wimbi likawazoa 8, na waliookolewa wakiwa hai ni 3. Nilisimama pale muda mrefu nikiwafikiria. Walikuwa wengi, walikuwa pamoja, na bado bahari iliwachukua. Je, aliye peke yake?

Nilikuwa nimekaa mchangani, mbali na maji, nazungumza na mama kwa simu, nikasikia sauti nyuma yangu: "Wa wapi wewe, mwanangu?" Kiswahili cha Unguja, kimenyooka. Alikuwa bibi mmoja, amekuja kutoka Muscat na wanawe na wajukuu.

"Wa Tanga, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na wenzio wako wapi?"

"Niko peke yangu."

Akasogea, akanipa nafasi mkekani. "Basi hapa hukai peke yako. Njoo unywe chai."

Alizaliwa Unguja, akaondoka baada ya mapinduzi ya 1964, akaingia Oman miaka ya sabini, wakati Sultani Qaboos alipowafungulia mlango Waomani waliokuwa Afrika Mashariki. Tulizungumza mengi, ya Darajani na ya Forodhani. Lakini nilichojifunza pale hakikusemwa. Niliwaangalia wale watu wazima. Walikuwa wanamenya machungwa, wanabishana, wanacheka, na hakuna hata mmoja aliyeipa bahari mgongo. Mtoto akipiga hatua tatu kuelekea majini, mmoja ananyanyuka bila kuambiwa, anakwenda kusimama karibu yake, kisha anarudi kuendelea na maneno yake.

Hicho ndicho asafiriye peke yake anachokikosa. Mizigo utaibeba mwenyewe, chakula utakula mwenyewe. Hata chakula si taabu hapa, migahawa mingi ina vyumba vya familia ambamo mwanamke anakula madhbi yake, nyama iliyochomwa juu ya mawe ya moto, kwa utulivu. Ila jicho la kukutazama ukiwa majini hulibebi kwenye begi. Lazima ulitafute hukohuko uendako, na linatafutwa kwa salamu.

Mimi nimefanya hivi. Kila ninapotoka namwambia kijana wa mapokezi ninakwenda ufuko gani na nitarudi saa ngapi. Kwenye ufuko wa Al Haffah, ambako vibanda vya madafu na ndizi vimejipanga mpaka ukadhani uko Pangani, nimemzoea muuzaji mmoja, nanunua kwake tu, na nisipoonekana huuliza. Watu wa namna hii waambie uko peke yako. Dereva wa teksi usimwambie. Akiuliza, mjibu kwamba unangojewa, na ni kweli, nitakuwa nangoja ujumbe wako. Kwenye fukwe za watu wote vaa ya kujisitiri, chukua na khanga mbili. Namba ya dharura ya Oman ni 9999, iandike kwenye karatasi pia, simu huzimika.

Na siku utakayoogelea, popote pale, muulize mvuvi wapi maji yanarudi. Mawimbi yanayokuja ufukweni lazima yapate njia ya kutoka, na hutoka kwa mkondo mwembamba. Mara nyingi ni pale ambapo hapavunjiki wimbi, pale mgeni anapopaona ndipo salama kuliko kote. Mkondo huo ukikukamata, usishindane nao kurudi ulikotoka, utachoka bure. Elea, ogelea kwa kufuata ufuko hadi utoke kwenye mkondo, ndipo uelekee nchi kavu. Nyanyua mkono uonekane. Sasa unaelewa kwa nini nasisitiza pawepo mtu wa kukuona.

Salalah yenyewe si ugenini kwetu. Msafiri Ibn Battuta, baada ya kuiona Kilwa mnamo 1331, alipanda chombo akaja Zafar, mji ambao magofu yake ndiyo Al Baleed ya leo, hapa ufukweni, na akasimulia minazi yake na tambuu yake. Nimekwenda pia Mirbat, alikozikwa Muhammad bin Ali, mtu wa uzao wa Mtume ambaye masharifu wetu wengi, pamoja na Habib Saleh wa Lamu, ni wa kizazi chake. Nimemwombea dua marehemu babu pale.

Mama nitazungumza naye mimi. Wewe niletee mambo matatu kabla hujalipa hata shilingi: mwezi unaokwenda na upepo wake, jina la mahali utakapofikia, na jina la mtu wa hukohuko atakayejua umeingia majini saa ngapi. Nakuomba, usikate tiketi mpaka uyapate yote matatu.

Dada yako akupendaye.