Chandarua cha Kliniki Hakikukatwa

Mwaka jana, katika likizo ya mwezi wa Juni, tulimchukua kijana wetu wa miaka 10 tukashuka naye kutoka Oldonyo Sambu hadi Mto wa Mbu, mizigo ikiwa mgongoni, kwa nia ya kutembea kwa miguu chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Jina la mahali lilikuwa onyo la kutosha, nasi hatukulisikia. Hema letu lilikuwa la mitumba: ganda la nje lilikuwa zima, bali hema la ndani, lile la neti, lilikwishapotea kabla halijafika sokoni. Sisi watu wa huku juu, tulalao na blanketi mbili kwa baridi ya Meru, tulidhani ganda latosha.

Siku ya kumi na mbili baada ya kurejea, kijana alishikwa na homa. Alipimwa, malaria ikaonekana, akapewa dawa ya mseto na, alhamdulillahi, akapona. Lakini usiku ule alipokuwa akiweweseka, tulikaa baba upande huu wa kitanda na mama upande ule, wala hatukutazamana.

Mwaka huu binti yetu wa miaka 13 aliuliza swali moja tu: "Mdogo wangu alikwenda. Mimi je?" Tulitafuta sababu ya kumkatalia, na kila tuliyoipata haikuwa sababu. Yalibaki mambo mawili, mbu na sitara. Kule joto ni kali, na ganda la hema likifungwa mtu hulowa jasho; likifunguliwa, neti tupu humwonyesha aliye ndani kwa kila apitaye.

Basi tukaazimia kushona wenyewe hema la ndani. Sandukuni mlikuwa na chandarua kipya, kingali kwenye mfuko wake, alichopewa mama kliniki alipokuwa na ujauzito wa mtoto wetu wa mwisho. Hakikuwahi kutundikwa, maana huku mbu ni wachache. Tulikitandaza sakafuni, mkasi mkononi, Bibi wa watoto akaingia.

"Wanangu, hicho mlipewa kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya matembezi. Mkikikata mtakuwa mmekula amana."

Tulimweleza kwamba hakitumiki. Akajibu: "Basi kirudisheni kliniki." Hatukuwa na la kusema. Ni kweli pia kwamba tungejuta kwa sababu nyingine. Vyandarua vya dawa hufumwa vidumu miaka mingi juu ya kitanda, si viwe vyepesi mgongoni. Arusha hii yetu ndiyo yenye kiwanda cha A to Z, ambacho mwaka 2003 kilianza kufuma vyandarua vya Olyset, dawa ya permethrini ikiwa imechanganywa ndani ya nyuzi zenyewe. Nyuzi hizo ni nene na imara, nasi tulihitaji kitu cha kukunjika kama kilemba.

Tulinunua neti laini ya mita mjini, katika maduka ya vitambaa karibu na Soko Kuu, yenye matundu ambayo mbu hapenyi, pamoja na bitana ya kahawia, zipu ndefu na kitambaa chepesi cha koti la mvua kwa sakafu. Vipimo vilikuwa urefu wa sentimita 210, upana 130 na kimo 110, hema likisimama kwa fimbo mbili. Sakafu tuliipandisha sentimita 15 kila upande, kama karai, ili mshono usikae chini penye maji. Juu ya hapo tulishona bitana hadi sentimita 60, na neti ikaanzia hapo. Aliyelala haonekani, na upepo unapita juu yake.

Neti ni kitambaa chenye hila. Huvutika upande mmoja na kukataa upande mwingine, nasi tuliikata ikiwa imening'inizwa. Paa likatoka refu kuliko fimbo, likalegea hadi kugusa uso wa binti alipojaribu kulala ndani. Neti iliyogusa ngozi si kinga, kwani mbu humdunga mtu akiwa nje yake. Jioni nzima ikaishia katika kufumua kwa wembe. Mara ya pili tuliilaza sakafuni bila kuivuta, tukaweka mawe pembeni, ndipo tukakata.

Cherehani yetu ya miguu nayo iliimeza neti kwenye meno yake. Dawa yake ni kuweka ukanda wa gazeti chini ya neti, kushona vyote pamoja, kisha kuuchana. Si gazeti hili, msomaji, kwa kuwa lina aya ndani yake. Tulitumia la michezo.

Kwenye mizani ya duka la jirani hema lilikuwa na gramu 850.

Tulitembea siku tatu, tukipita Selela hadi Engaruka, penye mifereji ya mawe ya wakulima wa kale, tukilala katika nyua za wenyeji waliotupokea. Mama na binti walilala hemani. Baba na kijana walilala chini ya chandarua cha kawaida kilichofungwa mtini. Njia yenyewe yaelekea kaskazini, hivyo kibla kilikuwa mbele yetu karibu mwendo wote, kikipinda kidogo mashariki. Usiku wa kwanza mbu waliimba pande zote. Zipu ilikwama mara moja, tukaipaka sabuni. Tangu turudi zimepita wiki tano, na hakuna aliyepata homa.

Yule mdogo, ambaye amekwisha achishwa ziwa, tulimwacha kwa Bibi. Tuliporejea tulikuta misumari minne ukutani, chandarua cha kliniki kimetundikwa juu ya kitanda, na mtoto amelala ndani yake, ijapokuwa upepo wa Meru ulivuma vikali na hapakusikika mbu hata mmoja.