Binti Yetu na Upasuaji wa Tumbo

Katika majumba yetu ya Pwani mtoto mnene husifiwa, na sifa yenyewe humwendea mamake. Akinona, husemwa amelelewa. Akikonda, majirani huulizana kulikoni. Binti yetu alikulia ndani ya sifa hiyo. Alipokuwa na miaka saba, mashangazi walimfinya mashavu kila walipobisha hodi. Alipofika kumi na mitano mashavu yale yale yalianza kusemwa kwa sauti ya chini, na alipotimiza ishirini hapakuwa na arusi aliyokwenda akarejea bila ya neno la kumchoma. Mara ameshauriwa anywe maji ya ndimu na tangawizi kila alfajiri, mara ameulizwa mbele za watu kama nguo yake imeshonwa kwa doti ngapi. Maji ya ndimu aliyanywa miaka mitatu. Yalimpa kiungulia.

Twaandika haya kwa idhini yake. Ameyasoma kabla ya kumfikia mhariri, amefuta mistari miwili, na ameturuhusu kutaja kilo zake lakini si jina lake.

Mwaka huo wa ishirini alianza kuamka usiku mara nne kwenda msalani na kunywa maji. Hedhi yake ilikuwa imekatika miezi mitano. Alikoroma kisha pumzi ikakatika, kimya, mpaka ashtuke na kuvuta hewa kama mtu anayeibuka baharini. Sisi wazazi wawili tulipokezana kusimama mlangoni kwake tukisikiliza. Kipimo kikaonyesha kisukari aina ya pili. Alikuwa na kilo 118 kwa urefu wa sentimita 160. Madaktari huchukua uzito wa mtu kwa kilo wakaugawa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na hesabu yake ikatoka 46. Kuanzia 30 huitwa unene wa maradhi. Babu yake mzaa mama alikatwa mguu kwa kisukari akiwa na miaka sitini na mitatu. Mjukuu alikuwa ameshika njia ile ile miaka arobaini kabla yake.

Wala hayuko peke yake. Uchunguzi wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu wanawake 45 katika kila 100, wa umri wa miaka 20 hadi 49, wamezidi uzito unaofaa. Ukiketi katika ukumbi wa wanawake siku ya kupamba bibi arusi, huhitaji uchunguzi kuliamini hilo.

Aliyelileta neno upasuaji ni yeye mwenyewe. Alilisoma, akalinyamazia miezi, kisha akalitamka baada ya sala ya Ijumaa tukiwa bado hatujaondoa sinia. Basi nyumba ikawa baraza. Ami yake alisema ni wazimu kumkata msichana mzima kiungo kizima. Khalati yake alisema kwa upole, lakini kwa maana ile ile, kwamba dawa ya kula ni kuacha kula.

Hoja hiyo ya khalati ndiyo tuliyoisikia zaidi, na ndiyo inayostahili kujibiwa. Binti yetu alikuwa ameacha kula si mara moja. Alipunguza kilo kumi na mbili kwa mwaka mmoja wa kujinyima, zikarudi kumi na tano. Daktari alitufafanulia kwamba mwili uliozoea uzito mkubwa huutetea: ukipungua, homoni za njaa hupanda, na mwili hubana matumizi yake ya nguvu kama mwenye duka aliyeona ukame unakuja. Moja ya homoni hizo, ghrelini, hutengenezwa zaidi katika sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo, na sehemu hiyo ndiyo inayoondolewa katika upasuaji aliofanyiwa. Kwa hiyo mgonjwa hapungukiwi na nafasi ya chakula tu. Njaa yenyewe hushuka. Mtu asiyejua njaa ya namna ile ni rahisi kumwita mwenzake mlafi. Zipo pia sindano mpya, semaglutaidi na nyinginezo, nazo tulizifikiria; lakini ni za gharama, na anayeziacha uzito humrudia kwa kiasi kikubwa.

Upasuaji wenyewe ni wa aina mbili zinazofanywa zaidi. Katika ule wa kwanza, mfuko wa tumbo hukatwa kwa urefu, robo tatu au zaidi huondolewa, na kinachosalia huwa chembamba kama mkono wa kanzu. Katika wa pili hufanywa kijifuko kidogo kilichounganishwa na utumbo wa mbele zaidi, chakula kipite kando ya sehemu iliyobaki. Zote mbili siku hizi hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Alichaguliwa ule wa mkono wa kanzu.

Je, kijana wa miaka ishirini na moja afanyiwe jambo lisilorudishika nyuma? Hapa hatukutaka maneno ya barazani. Mwaka 1991 jopo la Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani liliweka kipimo cha 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha mpaka 35 hata kwa asiye na maradhi. Kuhusu vijana, upo utafiti uliofuatilia wagonjwa 242 wa miaka 19 na chini katika hospitali tano za Marekani. Matokeo ya miaka mitatu yalichapishwa mwaka 2016: kwa wastani walipungua asilimia 27 ya uzito wao, na waliokuwa na kisukari aina ya pili, ambao hawakuwa wengi, asilimia 95 kisukari chao kililala. Lakini utafiti huo huo ulikuta zaidi ya nusu wana upungufu wa madini ya chuma, na 13 katika kila 100 walihitaji kurudi tena kwa matibabu mengine ya tumboni. Tulizisoma hesabu zote mbili, ya faida na ya gharama, mezani pamoja naye. Aliuliza maswali kuliko sisi.

Likabaki suala la dini, ambalo kwetu halikuwa la mwisho kwa uzito. Je, huku si kubadili maumbile? Tulimwendea sheikh wa msikiti wetu, naye hakujibu papo hapo. Alitaka kwanza barua ya daktari. Alipoisoma akasema kujitibu kumeamrishwa, na kwamba anayekatwa ili aponywe maradhi si sawa na anayekatwa ili apendeze. Akaongeza, kwa mzaha wa kizee, kwamba Mtume (s.a.w.) alikwisha kutugawia tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, ni sisi tuliokula mafungu yote.

Yeye ndiye aliyetukumbusha kuuliza dawa zimetokana na nini, na familia nyingine zilijue hili. Baada ya upasuaji mgonjwa hudungwa sindano za kuzuia damu isigande miguuni, kwani pande likipanda mapafuni huua. Dawa zinazotumiwa zaidi, heparini na enoksaparini, hutokana na utumbo wa nguruwe. Ipo ya kutengenezwa maabara, fondaparinaksi, ambayo haina asili ya mnyama. Tuliuliza wiki tatu kabla, nayo ikaagizwa. Isingepatikana, sheikh alikwisha kutuambia dharura ina hukumu yake. Vidonge vya vitamini navyo vingi vina ganda la jelatini. Tulitafuta vya kutafuna vyenye alama ya halali.

Bima ilikataa kulipa, ikisema ni mambo ya urembo. Barua yao twaihifadhi, tukiipima na picha ya mguu wa babu yake. Tuliuza kiwanja kilichokuwa kimewekwa kwa uzee wetu, tukapanda treni kwenda Nairobi.

Upasuaji hauna mengi ya kusimulia: aliingia asubuhi, akatoka adhuhuri, na jioni ile ile wauguzi wakamsimamisha atembee ukumbini akiwa ameshika ukuta. Walituonya juu ya mshono kuvuja, na homa au moyo kwenda mbio. Alhamdulillah, havikutokea. Siku ya nne tulirejea.

Kazi ilianzia jikoni. Wiki mbili za mwanzo alikunywa maji na supu iliyochujwa, funda baada ya funda, kikombe kimoja kikimaliza saa nzima. Kisha mtindi, kisha mayai na samaki aliyepondwa, na kufikia mwezi wa pili chakula cha kawaida, lakini kijiko cha chai ndicho kipimo. Kwanza protini: samaki, kuku, kunde, dengu. Wali mwisho, ukipata nafasi. Asinywe pamoja na chakula, bali asubiri nusu saa. Soda marufuku. Kaimati moja iliyozama katika shira ilimtoa jasho, ikampeleka moyo mbio na kumlaza kitandani alasiri nzima. Hajaigusa tena, ingawa huzitazama.

Na sinia? Watu wa bara huenda wasielewe uzito wa swali hili. Sisi twala pamoja, mikono minne au sita katika sinia moja, na anayejitenga na sinia huonekana amejitenga na watu. Bibi yake aliona kisahani kile cha pembeni kama kipande cha msiba. Alikuwa akimsogezea mnofu kwa siri, na mtoto, kwa adabu, akiula, kisha akienda kutapika. Hatukuweza kumkemea mzee. Hatimaye binti alimchukua mwenyewe mpaka kliniki, daktari akamchorea bibi ule mfuko uliobaki, mwembamba kama ndizi. Tangu siku hiyo bibi ndiye askari. Wageni wakimsukuma mjukuu wake ale, yeye huwanyang'anya kijiko. Kisahani chenyewe sasa huwekwa juu ya sinia, katikati, naye hula kutoka hapo huku mikono yetu ikimzunguka.

Mwezi wa nne nywele zilianza kudondoka, vishungi vizima katika kitana. Tulikuwa tumeonywa, nazo ziliota tena kabla ya mwaka kwisha, lakini msichana anayepoteza nywele hatulizwi kwa kuambiwa ilitarajiwa. Usiku ule alisema maneno ambayo ni mmoja wa mistari miwili aliyoifuta.

Ramadhani ya kwanza ilimkuta akiwa na miezi mitano tu tangu apasuliwe. Daktari alimkataza kufunga, kwa kuwa mtu wa kunywa funda funda hawezi kufidia maji ya mchana kutwa katika saa chache za usiku. Sheikh akasema mgonjwa ana ruhusa yake, atalipa akiweza. Alilia zaidi kwa hilo kuliko kwa nywele. Mwaka uliofuata alifunga, akiwa na chupa ya maji mkononi kutoka magharibi hadi daku, na vidonge vyake vimepangwa katika kijisanduku. Zile za nyuma alizilipa Jumatatu na Alhamisi, polepole.

Vidonge hivyo ni vya maisha: chuma, kalsiamu, vitamini D na B12, na damu ipimwe kila mwaka. Yapo mabinti, twasikia, wanaofanyiwa upasuaji ng'ambo wakaja na picha nzuri, wasimwone daktari tena. Hilo latutisha kuliko kisu. Mfuko uliokatwa hauna likizo, na upungufu wa B12 huanza kimya kimya, ganzi ya vidole na kusahausahau, mpaka neva ziwe zimekwisha kuumia.

Ilipofika miezi kumi na minane alikuwa na kilo 84. Leo, mwaka wa tatu, ana 88. Hakuwa mwembamba na hatakuwa. Kilo nne zilizorudi zimemsononesha, ila daktari hakushangaa; wengi hurudisha kidogo baada ya mwaka wa pili. Kisukari chake kimelala bila ya dawa tangu mwezi wa tatu. Hedhi imerudi katika mzunguko wake. Usingizini hatumsikii tena, na ilituchukua miezi kuzoea kimya ambacho si cha kutisha. Kiungulia kimebaki, nacho kina kidonge chake.

Mwezi wa Rajabu ilikuja posa. Walikuwa wamemwambia mapema asishike mimba kabla ya miezi kumi na minane kupita, mwili usije ukapungukiwa wa wawili, na muda huo umekwisha kupita. Shangazi mmoja alishauri jambo la upasuaji lisitajwe. Makovu ni madogo, matano tu, mume atayaona akiwa amekwisha kuwa mume. Binti alikataa. Alimwomba mamake mwoaji waketi wawili, akamweleza yote: mfuko mdogo, vidonge vya maisha, damu ya kila mwaka, na kwamba akishika mimba atahitaji kuangaliwa zaidi ya wenzake. Mama yule alinyamaza, kisha akauliza, "Na biriani, mwanangu?"

"Nala, mama. Vijiko vitano."

Wameomba muda hadi Mfungo Mosi. Jibu bado hatujalipata. Yeye amekwisha kuweka miadi ya kupima damu wiki ijayo, na ametutaka tusimpigie mtu yeyote simu.