Fomu Moja, Ng'ombe Wawili

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hata hivyo, si kila ainamaye hutafuta cha mvunguni. Wengine huinama ili wapenye chini ya ua.

Msichana mmoja alizaliwa Bungoma akalelewa viungani mwa Kitale. Tangu alipotazama kwenye runinga makadeti wakitunukiwa kamisheni na Rais huko Lanet, Nakuru, nafsi yake haikutulia. Alikuwa na alama ya B katika mtihani wa kidato cha nne, na umri wake ulikuwa kati ya miaka 18 na 26 inayokubalika. Urefu wa mita 1.60 alikuwa ameupita. Uzani ndio uliomsaliti: mizani ya zahanati ilionyesha kilo 47, ilhali mwanamke hutakiwa kuwa na kilo 50 angalau.

Akajikuta kati ya moto na maji. Kila alfajiri alikimbia katika barabara ya Kiminini ili ajenge pumzi, na kila mbio zilimpunguza. Mamake alimtilia njugu katika uji, akamkamulia maziwa ya ng'ombe wawili waliokuwa wamemlipia karo. Baada ya miezi minne, mizani ikasoma 51.

Ikabaki fomu. Jina la babake liliandikwa kwa "w" katika kitambulisho na kwa "b" katika cheti cha kuzaliwa. Herufi moja ingeweza kuzua shaka kwamba yeye si yeye. Akapanda matatu hadi Bungoma, ambako kuzaliwa kwake kulisajiliwa, ili kosa hilo lisahihishwe.

Jioni alilala kwa mjomba wake.

"Mpwa wangu," mjomba akamwambia, "siku hizi fomu haijazwi kwa kalamu. Yuko mtu anayewajua wakubwa. Babako auze wale ng'ombe, nawe utaitwa."

"Mjomba, kujiunga na jeshi ni bure. Wizara yenyewe husema hivyo kila mwaka."

"Husema."

Msichana akanyamaza kwa heshima, kisha akauliza, "Nikiulizwa siku moja nilivyoingia, nitasema nini?"

Mjomba hakujibu. Babake naye, aliposimuliwa, alielekea kukubali. Mzazi gani asingeuza zizi lote ili mwanawe avae nyota begani? Ni binti aliyekataa. Alijua pia kwamba zaidi ya mara moja vijana wamefika Moi Barracks, Eldoret, na barua walizouziwa, wakaishia mikononi mwa polisi.

Akaijaza fomu peke yake, akaituma. Orodha ya walioitwa kwa mahojiano ilipotoka, jina lake halikuwamo. Babake alikaa siku mbili bila kumsemesha. Siku ya tatu akasema tu, "Laiti tungaliuza."

Labda. Lakini ng'ombe wangali zizini, cheti kimesahihishwa, kilo zimetimia, na miaka ya kujaribu ingalipo. Maandalizi ya kweli hayapotei pamoja na orodha, kwani humbakia aliyejiandaa. Mlango ulionunuliwa humwacha aliyeunyimwa mikono mitupu, na humwacha aliyeupata na deni asiloweza kulitaja.

Kesho yake, kabla ya jogoo wa pili, nyayo zake zilisikika tena katika barabara ya Kiminini.