Machozi ya Mwanamume

Mwanamke akifiwa na mumewe, sharia imemwekea eda ya miezi 4 na siku 10. Hikima zake ni nyingi. Moja niionayo mimi ni kuwa katika muda huo wanawake wenziwe huja, wakakaa naye, wakamsikiliza. Sasa mtazame mwanawe wa kiume. Siku ya tatu khitima yaisha, mikeka yakunjwa, naye aambiwa: "Kaza moyo, wewe ndiye mwanamume wa nyumba." Ana miaka 11.

Mtoto nimsemaye ni wa ndugu yangu marehemu. Kila aliyempa mkono alimwambia maneno hayo, na wote walimtakia kheri. Hakulia, na watu wakamsifu. Mwezi wa pili akaanza kukojoa kitandani, akawa apigana chuoni, kisha akawa hasemi na mtu. Pakasemwa ni shetani. Akasomewa, na kusomewa ni jambo jema. Lakini shemeji yangu, Mungu amlipe, alimpeleka na hospitali pia. Daktari akamwuliza jambo ambalo hakuna aliyemwuliza: "Wamkumbuka baba kwa lipi?" Kijana alilia hata kanzu ikarowa. Alikwenda miezi kadha, na hakupewa hata kidonge kimoja. Siku hizi asoma, na kucheza, na kugombana na dada zake kama watoto wote.

Hili la "mwanamume halii" tumelitoa wapi? Katika dini silioni. Nabii Yaqub (A.S.) alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Mtume wetu (S.A.W.) alipokuwa akifiwa na mwanawe Ibrahim, machozi yalimtoka mbele ya watu. Abdurrahman bin Auf akastaajabu, hata yeye Mtume alia? Akajibiwa kuwa hiyo ni rehema. Na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akizieleza hofu, hasira na huzuni kuwa ni mambo yenye matibabu.

Sisi tuna baraza. Kila jioni wanaume twakaa, twazungumza mpira, siasa na bei ya samaki. La moyoni halitajwi. Na khasara yake si ndogo: duniani, wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Kujiua ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini hapa Kenya aliyejaribu akanusurika alikuwa akishitakiwa kwa jinai, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kuwa sharia hiyo ya serikali yapingana na Katiba. Nani angesema shida yake akijua atapelekwa polisi?

Kazi ya kwanza naiona ni yetu maami na wajomba. Mchukue kijana mwende pwani mkavue, na muda wote huo umsikilize. Mwenzio akiacha kuja barazani, usiseme ana kiburi, mbishie hodi. Na ukimsikia asema hana haja ya kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku ile ile, mchana, watu wakiwaona, nawe ukae naye pale bentini mpaka aitwe.